Miti ya Marui na Mpini wa Jembe

Baiskeli ya serikali nimeirudisha bomani Kisarawe, pamoja na pampu yake, kamba ya kupimia na ndoo ya chokaa. Karani wa stoo aliikagua ndoo kwa muda mrefu kuliko alivyonikagua mimi, akauliza kwa nini mshikio wake ni wa waya. Nikamwambia ule wa awali ulikatika kabla yeye hajazaliwa. Akaandika "imechakaa", nikatia sahihi, na kazi yangu ikaishia hapo.

Ninyi vijana mliobaki idarani mmenitaka niwaandikie mambo ya kazi. Mshahara wangu mnaujua, na kama hamuujui, shukuruni Mungu. Vyeo navyo havikuwa vingi kiasi cha kujaza ukurasa. Nitaandika siku za mwanzo, mtu aliyenifunza, na ile kesi ya Marui ambayo wengi wenu mmeisikia nusunusu. Hiyo nusu mliyoisikia inanisifu mno, ndiyo maana nataka kuisahihisha.

Nilianza miaka michache kabla ya vita kuu ya pili. Nilikuwa nimetoka shule, mwandiko wangu mzuri, kanzu nimeipiga pasi, na nilidhani nitapewa meza. Nilipewa ndoo. Mkubwa wetu alikuwa Mzungu mrefu ambaye watu walimwita Bwana Miwani. Alinitazama miguuni, akaniambia viatu vile havitafika Marui. Havikufika kweli. Kimoja kiliachia soli njiani, nikaingia kijiji cha kwanza cha kazi yangu nikiwa nimekishika mkononi, nyuma ya mkubwa wangu wa safari.

Mkubwa huyo wa safari ndiye Mzee Kondo. Alikuwa mwelekezi wa kilimo wa siku nyingi, mfupi, mweusi ti, mwenye fimbo aliyoitumia kuonyesha tu, maana hakuwahi kuiegemea. Alikuwa na mambo yake. Akifika nyumbani kwa mtu huomba maji kwanza, awe na kiu au asiwe nayo, kwa sababu, alisema, mtu aliyekupa maji huona haya kukudanganya papo hapo. Aliniambia pia nisiandike nikiwa nimesimama. "Ukisimama unaandika upesi ili uondoke," alisema. "Kaa chini. Suruali itafuliwa." Tena alinilazimisha ninunue kidaftari kidogo cha mfukoni kwa pesa yangu mwenyewe. Daftari kubwa la serikali lina mistari yake na maswali yake, na yale ambayo halikuuliza niyatie kwenye kidogo. Nilinung'unika kwa ile pesa. Baadaye nilikuja kutamani kidaftari kile kisingekuwapo duniani, lakini hayo yana mahali pake.

Miaka ile kazi yetu ilikuwa mihogo. Kila kaya ilitakiwa ilime sehemu yake ya mihogo kwa amri, iwe akiba ya njaa, na asiyelima alitozwa faini. Tukitokea mbele ya nyumba, mwenyewe alikuwa anatokea nyuma. Niliijua migongo ya wakulima wa wilaya hii kuliko nyuso zao. Kisha vita vikaisha, serikali ikataka korosho. Tukaanza kugawa mbegu bure za mkorosho, ambao watu wa kwetu huuita mbibo, na ikatangazwa kwamba baada ya masika mawili kila mti uliosimama na kupaliliwa utalipiwa na serikali. Malipo hayo yalikuwa na jina refu la Kiingereza kwenye karatasi. Watu waliyaita bakshishi, nasi bomani tukayaita vivyo hivyo. Tangu hapo nikawa nawekewa kiti, napikiwa kuku, naulizwa hali ya watoto. Nilikuwa mtu yuleyule, na kofia ileile.

Kuhesabu kulikuwa hivi. Unanyoosha kamba yenye mafundo, kila fundo futi thelathini, maana ofisi ilitaka mibibo iachane kwa umbali huo. Mti ukihesabiwa unaupaka pete ya chokaa shinani ili usihesabiwe mara mbili. Mnajua wenyewe kwamba chokaa huoshwa usiku, mti ukahesabiwa upya. Siku moja, bondeni huko, nilikuta shamba zuri ajabu, mistari imenyooka, majani mabichi. Jua la saa sita lilipowaka majani yakalala yote kwa pamoja. Nikauvuta mti mmoja kwa vidole viwili, ukaja wote. Lilikuwa tawi lililochomekwa asubuhi.

"Mzizi uko wapi?" nikamuuliza mwenyewe.

"Bado unakuja, bwana," akajibu bila kutikisika.

Sikumwandika, lakini nilimpa mbegu nyingine. Mtu mwenye jibu kama lile hafai kuachwa bila mibibo.

Sasa Marui. Ilikuwa mwaka wa kwanza wa bakshishi, na tulikuwa na mashamba mengi kuliko siku. Mzee Kondo alichukua upande mmoja wa kijiji, mimi upande wa pili nikiongozana na jumbe, mkuu wa kijiji, ambaye alikuwa na harusi ya kuwahi. Tukafika kwenye shamba la mibibo midogo, safi, halina jani la magugu. Mama mmoja alikuwa amepiga magoti anapalilia, mikono imejaa udongo mpaka kwenye viwiko. Ndiye Bi Mwanahawa binti Mfaume. Umri wake ulikuwa kama wa shangazi yangu mdogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu mgunda." Wazee wa kwetu mpaka leo shamba huliita mgunda.

"Shamba la nani hili?"

"La wenyewe, baba. Wenyewe wamekwenda Pugu, kwenye kibarua."

Hapa lazima nieleze kwa wale mliotoka bara. Kwetu Uzaramo ardhi ni kitu kimoja na mti ni kitu kingine. Ardhi ni ya ukoo. Mti ni wa aliyeupanda, hata kama ameupanda kwenye ardhi ya wakwe. Na mwanamke mwenye mume, akiulizwa na mgeni kitu hiki cha nani, hasemi "changu". Atasema cha wenyewe. Mama yangu mzazi alisema hivyo hata juu ya kuku wake, na kuku wale baba hakuwa na ruhusa ya kumgusa hata mmoja. Nilizaliwa Kisarawe, nimelelewa na adabu hiyo. Nilijua nilichojibiwa.

Daftari kubwa lilikuwa na mstari mmoja tu: jina la mwenye shamba. Jumbe akasema, "Andika Shomari bin Mwinyi, bwana, ndiye mumewe, twende zetu." Nikaandika Shomari, nikiwa nimesimama.

Wakati wa kupima, mafundo ya kamba yangu hayakuangukia miti. Kila mti ulikuwa unawahi kidogo kabla ya fundo.

"Mistari imebana, mama. Serikali inataka futi thelathini."

"Mimi sina kamba, baba. Nimepima kwa mpini wa jembe langu, mara kumi kumi."

Akanionyesha. Mpini ulikuwa umevunjika zamani akauchonga upya, mfupi kuliko mipini ya kawaida, na ncha yake nyeusi kwa sababu uliwahi kuangukia jikoni. Nikacheka, nikaihesabu miti yake yote, themanini na miwili. Kwenye kidaftari cha mfukoni nikaandika hivi: "Marui, shamba la Shomari. Mistari imebana. Kapanda mke, kwa mpini wa jembe lake, mfupi, ncha imeungua."

Alasiri tulipokutana, Mzee Kondo alipitia kazi yangu kama kawaida yake.

"Hapa mikono ya nani ilikuwa na udongo?"

"Ya mke."

"Ukamwandika nani?"

"Mume. Mstari ni mmoja, mzee. Na yeye mwenyewe kasema la wenyewe."

Alinirudishia daftari tu. Angenitukana ningesahau baada ya siku mbili. Cheti kikatolewa kwa jina la Shomari, Shomari akaenda kupokea bakshishi, akaileta yote akamkabidhi mkewe. Alikuwa mtu mwema, na wema wake ulinifunika mimi miaka mingi.

Mzee Kondo alistaafu, akafariki. Jumbe wa harusi naye akafariki. Mibibo ya Marui ikawa inazaa, na wachuuzi wa korosho wakawa wanagombea kuifikia. Kisha Shomari akaugua tumbo, akaondoka duniani. Yeye na Bi Mwanahawa hawakuwa na mtoto aliye hai.

Arobaini ilipopita, kaka yake Shomari, Athumani, alitoka Tangini, upande wa Kibaha, akaenda kwa Liwali, mwamuzi wa baraza la Kisarawe, kudai urithi. Dai lake halikuwa la kihuni. Ardhi ilikuwa ya ukoo wao, na hilo hakuna aliyelibishia. Miti nayo, alisema, ilikuwa mali ya marehemu, na mali ya marehemu asiye na mtoto mjane hupata robo, inayobaki ni ya ndugu. Ushahidi wake ulikuwa cheti cha bakshishi, kimekunjwa vizuri ndani ya Msahafu, chenye jina la Shomari na mwandiko wangu. Bi Mwanahawa hakuwa na karatasi. Alikuwa mwanamke wa makamo anayetakiwa kurudi kwao na robo ya miti aliyoipanda, aliyoimwagilia na kuipalilia yote, na kwao hakukuwa na aliyemngoja.

Nikaitwa na baraza nikathibitishe mwandiko. Barua ilipitia kwa karani mkuu wa idara, mtu aliyenipenda kwa dhati. Akafunga mlango.

"Utaulizwa, mwandiko ni wako? Jibu ndiyo. Kisha kaa chini."

"Na miti?"

"Miti haikuulizwa. Ukisema jina moja si sahihi, watauliza mangapi mengine si sahihi. Wataleta mkaguzi. Pensheni yako iko mlangoni, kaka yangu, usiifukuze." Akashusha sauti. "Bado una vile vidaftari vyako?"

"Ninavyo."

"Vile si mali ya serikali. Kikipotea kimoja, hakuna atakayekitafuta."

Nilipofika nyumbani nilikitoa cha mwaka ule kwenye sanduku. Ukurasa ulikuwepo, na wino ulikuwa haujafifia hata kidogo. Lile neno "kapanda mke" lingemwokoa Bi Mwanahawa, na neno hilohilo lilionyesha kwamba siku ninaandika jina la mumewe nilijua ukweli. Kama ningekuwa nimekosea kwa kutojua, ningesamehewa. Niliogopa, sitawaficha. Mke wangu alikuwa anapika, nami nilisimama karibu na moto kwa muda mrefu kuliko inavyomfaa mwanamume asiyepika, kidaftari mkononi. Akaniuliza kama nina baridi. Nikamwambia hapana, nikakirudisha sandukuni.

Siku iliyotangulia baraza nilipanda baiskeli mpaka Marui. Sikujua ninakwenda kusema nini. Bi Mwanahawa alikuwa anaanika korosho kwenye mkeka. Alinipa maji kabla sijaomba.

"Nimeitwa barazani, mama."

"Najua."

"Siku ile nilikuuliza, nawe ukasema la wenyewe."

"Nilisema." Akaendelea kutandaza korosho kwa kiganja. "Nilikujibu kwa adabu, baba. Ungekuwa Mzungu ningekueleza. Nilikuona mtoto wa hapahapa, nikajua umenielewa."

Hakuniomba chochote. Baiskeli nikaikokota badala ya kuipanda, mpaka nilipotoka machoni pake.

Barazani Kisarawe watu walikuwa wengi, kwa kuwa mibibo ilikuwa mashambani mwa kila mtu na kila mtu alitaka kujua karatasi ina nguvu gani. Liwali alikuwa mtu wa pwani, mpole, anayesikiliza macho yamefumbwa. Cheti kikaletwa.

"Mwandiko huu wako?"

"Wangu, Liwali."

"Jina lililoandikwa?"

"Shomari bin Mwinyi."

"Vyema. Kaa."

Karani mkuu, aliyekuwa amekaa ukutani, alinitazama na kunionyesha kiti kwa kidevu. Sikukaa.

"Liwali, mwandiko ni wangu na jina silo. Aliyepanda ni mke. Nilijua siku hiyohiyo."

Liwali akafumbua macho. Nikatoa kidaftari, nikausoma ule mstari, kisha nikampa asome mwenyewe. Athumani akasimama. Alisema maneno ya haki kabisa: kwamba kidaftari cha mfukoni mtu anaweza kukiandika jana, na kwamba huenda nimepewa korosho.

"Ndiyo, kinaweza kuandikwa jana," akasema Liwali. "Miti haiwezi kupandwa jana. Mama, huo mpini upo?"

"Jembe limekwisha, limebaki kama mwiko," Bi Mwanahawa akajibu. "Mpini upo. Ndio pimo langu, kila nikiongeza miti."

Kesho yake tukaenda sote Marui: Liwali, karani wake, Athumani, mimi, na nusu ya watu wa barazani ambao hakuna aliyewaita. Mpini ulishushwa darini. Ulikuwa mfupi, umeng'aa kwa viganja, ncha yake nyeusi kama nilivyoandika. Liwali hakutaka mimi nipime, wala Bi Mwanahawa. Akampa Athumani. Mashina yalikuwa yamenenepa, kwa hiyo alipima pembeni, kutoka katikati ya shina hadi katikati ya shina la pili, na watu wakahesabu naye kwa sauti. Kumi ikaangukia mti. Akaenda mstari mwingine, kumi ikaangukia mti. Alipima minane au tisa, jasho linamtoka, akazidi kupunguza mwendo. Kisha Liwali akamuuliza jembe la marehemu liko wapi. Athumani ndiye aliyekuwa nalo, alilichukua siku ya matanga akaliacha kwa jirani palepale kijijini, nalo likaletwa. Lilikuwa refu, la mwanamume mrefu. Kwa mpini ule, mara ya nane haikufika mti, na ya tisa ikaupita.

Athumani aliegemeza mpini na jembe kwenye mbibo. Nilimwonea huruma, kwa kweli, kwa kuwa hakuna alichoghushi. Alisoma nilichoandika.

"Shemeji," akasema, "ni karatasi iliyonidanganya mimi."

"Karatasi haikujiandika, shemeji," Bi Mwanahawa akajibu, wala hakunitazama.

Liwali akaamua palepale: ardhi ibaki ya ukoo, miti ni ya aliyeipanda, naye ataichuma na kuishi pale bila kusumbuliwa. Watu wakarudi makwao wakijadili mipini.

Mimi nilirudi kwa Bwana Miwani. Wakongwe wanakumbuka kwamba akivua miwani mambo ni mabaya. Aliivua.

"Ulijua?"

"Nilijua, bwana."

"Kwa nini uliandika hivyo?"

"Mstari ulikuwa mmoja, na jumbe alikuwa na harusi."

Hakunifukuza. Sijui mpaka leo kama ilikuwa huruma au uhaba wa watu. Aliniamuru nirudie madaftari yote ya bakshishi niliyoandika kwa mkono wangu, shamba kwa shamba, nimtafute aliyepanda. Ilinichukua miaka mitatu ya wakati wa ziada, ndoo ile ile, na wakulima wengine walidhani nimekuja kuwanyang'anya. Nilikuta wake, wajane, mama wakwe, na bwana mmoja aliyekiri kwamba miti yote ni ya dada yake na kwamba amekuwa akingoja mtu amuulize. Karani mkuu hakunisemesha mwaka mzima, kisha akanisemesha.

Marui niliiweka mwisho kwa makusudi, kwa sababu niliona haya. Ilikuwa asubuhi, baada ya mvua. Bi Mwanahawa alikuwa amepiga magoti chini ya mbibo, anapalilia kwa jembe jipya lililotiwa mpini ule ule wa zamani. Amri yangu ilisema kila shamba niulize upya, bila kuruka hata moja, nami nikauliza kama sheria inavyotaka, ingawa wilaya nzima ilikuwa inalijua jibu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu mgunda."

"Shamba la nani hili?"

Shomari alikuwa kaburini miaka minne. Liwali alikuwa ameamua mbele ya watu. Bi Mwanahawa alijifuta udongo kwenye kanga, akatazama miti yake mpaka ilikoishia.

"La wenyewe, baba," akasema.

Nikakaa chini kwenye udongo mbichi, nikafungua daftari kubwa magotini, na kwenye ule mstari mmoja nikaandika polepole: Mwanahawa binti Mfaume.